Kuomba Shahada ya Lishe Baada ya Miaka Mingi Nje ya Darasa

Mwongozo huu ni wa Mtanzania aliyemaliza masomo zamani na sasa anaomba shahada ya lishe ya binadamu, kama ile ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Usiruke hatua.

1. Pakua mwongozo wa udahili kwenye tovuti ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Kuanzia hapa tutauita Kitabu. Kuna cha kidato cha sita na cha wenye stashahada, chukua kinachokuhusu. Ukaguzi: mwaka wa masomo ulioandikwa kwenye jalada ndio unaoombea.

2. Tafuta safu ya programu yako ndani ya Kitabu, kisha nakili kwa mkono masomo na alama zinazotakiwa. Kwa kidato cha sita, tumia kanuni ya pointi ya mwaka uliofanya mtihani, maana viwango vimebadilika. Huna sifa hizo? Uliza chuo kwa maandishi kama programu hiyo inapokea wanaoingia kwa kutambuliwa ujuzi wa awali, njia inayotangazwa kwa jina la RPL. Usilipe chochote kabla ya jibu.

3. Panga mezani cheti cha kuzaliwa, vyeti vyote vya shule na kitambulisho cha taifa cha NIDA. Soma majina herufi kwa herufi, kidole kikiwa juu ya kila moja. Hapa ndipo watu wazima wengi hukwama: kwa mfano, shuleni mtu aliandikwa Mwanaidi Juma, NIDA ikaandika Mwanahidi, na ndoa ikaongeza jina la tatu. Tofauti ya herufi moja ni tofauti. Ukiikuta, mwone wakili, na umuulize kama inatosha hati ya kiapo au inahitajika hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Usiendelee hadi hati hiyo iwe mkononi.

4. Andika namba ya mtihani kwa mpangilio huu: kituo, mtahiniwa, mwaka, mfano S0000/0000/1999. Uliyerudia kama mtahiniwa wa kujitegemea una namba nyingine inayoanza na P. Andika zote mbili.

5. Omba AVN, namba ya uhakiki wa tuzo, kutoka NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, ikiwa una stashahada. Wengine nenda hatua ya 6.

6. Soma vigezo vya mkopo vya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) kabla ya kuacha kazi: umri, ajira rasmi na mwaka uliomaliza masomo. Mtu mzima huweza kukwama kwenye vyote vitatu, kwa hiyo piga hesabu ya ada kana kwamba mkopo haupo.

7. Jisajili kwenye mfumo wa maombi wa chuo, lipa kwa kumbukumbu namba utakayopewa, kisha wasilisha. Ukaguzi: hali ya ombi isomeke kuwa limewasilishwa. Kuhifadhi si kuwasilisha.

8. Thibitisha chuo kimoja kwa msimbo wa siri ikiwa umechaguliwa na zaidi ya kimoja. Msimbo huja kwa ujumbe kwenye simu uliyosajili. Laini hiyo usiibadilishe.