Maumivu ya shingo yanatoka wapi?



Mitihani ikikaribia, kila asubuhi kwenye mstari tunaona wenzetu ambao ukiwaita jina hawageuzi kichwa, wanageuza mwili mzima. Ukiuliza, mmoja anasema amelala vibaya, mwingine ni baridi, mwingine kuna mtu amemtupia kitu. Sisi wa mwaka wa sita tumesoma mifupa katika biolojia, basi tunataka kueleza kidogo.

Shingo ya mtu iko na mifupa 7. Twiga na okapi wetu wa Ituri wako pia na 7, yao ni mirefu tu. Ndani ya mifupa hiyo inapita mishipa ya fahamu inayotoka kwenye ubongo, na juu yake kunakaa kichwa, kilo 4 mpaka 5. Kichwa kikisimama sawasawa, mifupa inabeba bila taabu. Kikiinama mbele, nyama za nyuma ya shingo ndizo zinakivuta kisianguke, na zinavuta hivyo saa nzima bila kupumzika. Mwaka 2014 daktari mmoja wa Marekani alipiga hesabu: kichwa kikiinama digrii 60, mzigo juu ya shingo unafika karibu kilo 27. Ni hesabu tu, lakini nyoosha mkono ukishika kitabu dakika 10, utaelewa haraka.

Sasa tujiangalie. Tunasoma daftari likiwa juu ya magoti, tumekaa kitandani, taa iko chini. Wenye simu wanainama vile vile. Kiisha tunalala kifudifudi, shingo imepindwa usiku kucha. Kumbe hakuna mtu aliyetupa kitu! Weka daftari juu ya meza, inua kwa vitabu vingine, na kila nusu saa simama.

Tena kuna mizigo. Bidoni ya lita 20 ni kilo 20 za maji. Na wale wamama wa Bukavu wanaobeba mgongoni kwa kamba ya paji la uso, shingo yao ndiyo inavuta njia nzima. Mama akirudi jioni akilalamika, tusiseme ni uzee.

Maumivu ya namna hiyo mara nyingi yanaisha kwa siku chache, pengine wiki chache. Kitambaa chenye maji ya moto kinasaidia, na kugeuza kichwa polepole. Lakini ile desturi ya kumshika rafiki kichwa na kukizungusha kwa nguvu mpaka shingo ilie «ka!», iachwe kabisa. Katika mifupa ya shingo kunapita mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo, na inaweza kupasuka. Mwenye kuanguka kutoka mtini au kwenye pikipiki na kuumia shingo, msimwinue ovyo, aiteni mganga. Na mwenye mkono kufa ganzi au kukosa nguvu, aende lopitali.

Iko jambo moja tunaliogopa kuliko yote. Shingo ikikakamaa pamoja na homa kali, kichwa kinauma sana, mtu anatapika, anakimbia mwanga, hawezi kugusa kifua kwa kidevu: hiyo inaweza kuwa menenjiti, ugonjwa wa ngozi inayofunika ubongo. Mwaka 2021 ulitokea Banalia, katika Tshopo, ukaua watu zaidi ya 100. Unaweza kuua kwa siku moja, na namna nyingine inaambukiza kwa mate na kikohozi, nasi tunalala vitanda vimekaribiana. Alama zote si lazima zionekane pamoja. Msiseme «ni malaria, tungoje asubuhi». Dawa ya kuutibu iko, lakini inataka kuanza mapema.

Mlango wa msimamizi ni ule wa mwisho upande wa jikoni. Hata saa nane za usiku, gongeni mpaka afungue.