SOMO LA WIKI: Umeme wa usiku si nafuu kwa kila mpangaji

Mfanyabiashara wa mahindi anajua kwamba kununua wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni ghala. Dumuzi wakiingia, faida ya bei ya chini huliwa kabla soko halijapanda. Kanuni hiyo hiyo inatawala bidhaa ambayo wengi hawaifikirii kuwa na msimu, nayo ni umeme.

Wiki hii ukurasa huu unachukua mfano wa Uingereza, ambako baadhi ya wakazi wa fleti za kupanga, wakiwamo watu wa Afrika Mashariki wanaofanya kazi au kusoma huko, hupasha maji ya kuoga kwa umeme wa usiku. Mfano huu unamfaa mwekezaji mdogo kwa kuwa hesabu yake ni fupi, bidhaa ni moja, na kosa la kuchagua bei huonekana kwenye bili.

CHANZO CHA BEI MBILI

Mpango wa bei mbili unaojulikana kwa jina la Economy 7 ulianza mwaka 1978. Namba 7 inahusu idadi ya saa za usiku ambazo umeme huuzwa kwa bei ya chini. Sababu yake ilikuwa ya kibiashara. Umeme mwingi wa gridi hutakiwa kuzalishwa wakati ule ule unapotumika. Usiku ofisi na viwanda vikifungwa, mahitaji hushuka, lakini mitambo mikubwa ya makaa ya mawe na ya nyuklia haizimwi jioni na kuwashwa asubuhi kirahisi. Ikaonekana ni afadhali kumpunguzia bei mteja atakayekubali kununua usiku.

Kituo cha mwisho cha makaa ya mawe nchini humo kilifungwa Septemba 2024. Hata hivyo, bei mbili hazikufa nacho. Mahitaji ya usiku bado ni madogo, na mitambo ya upepo haichagui saa ya kuzalisha.

Nyumba iliyo katika mpango huu huwa na mita yenye hesabu mbili, moja ya mchana na moja ya usiku. Kwa miaka mingi, mita nyingi zilibadilishwa hesabu kwa ishara ya redio iliyorushwa kupitia masafa marefu ya BBC. Kuzimwa kwa mfumo huo kwa awamu kulianza mwishoni mwa Juni 2025, na mita mpya za kidijitali ndizo zinazochukua nafasi yake. Mpangaji ambaye bado ana kifaa cha zamani anapaswa kumdai msambazaji wake ambadilishie, kwa sababu kifaa kikikosa ishara, hita inaweza kuwaka saa zisizo zake au isiwake kabisa.

Jambo ambalo matangazo hayalitilii mkazo ni kwamba punguzo la usiku lina mlipaji. Kwa kawaida, bei ya mchana ndani ya mpango huu huwa juu kuliko bei moja ya kawaida. Mteja hapewi zawadi. Anabadilishana bei moja kwa nyingine.

HESABU YA TANGI MOJA

Chukua tangi la lita 120. Kupasha maji hayo kutoka nyuzi joto 10 hadi 60 kunahitaji takriban uniti 7 za umeme. Hita ya kilowati 3, ambayo ni ya kawaida katika matangi hayo, huifanya kazi hiyo kwa saa 2 na dakika 20 hivi.

Tuseme, kwa mfano wa kujifunzia tu, bei ni hizi:

Bei moja ya kawaida: peni 25 kwa uniti.
Bei ya mchana katika mpango wa bei mbili: peni 31.
Bei ya usiku: peni 16.

Tuseme pia fleti hiyo hutumia uniti 8 kwa siku kwa taa, jiko, friji na televisheni, na kati ya hizo ni uniti 1 tu inayoangukia usiku. Ukijumlisha maji, matumizi ni uniti 15 kwa siku. Kwa bei moja, mpangaji atalipa peni 375.

Akipasha maji yote usiku, atanunua uniti 8 kwa peni 16 na uniti 7 kwa peni 31. Jumla ni peni 345. Ameokoa peni 30 kwa siku, sawa na paundi 109 na nusu kwa mwaka.

Akipasha maji hayo hayo mchana, huku bado yumo katika mpango wa bei mbili, atanunua uniti 1 kwa peni 16 na uniti 14 kwa peni 31. Jumla ni peni 450. Amepoteza peni 75 kwa siku, yaani karibu paundi 274 kwa mwaka. Maji ni yale yale na fleti ni ile ile.

Kwa bei hizi, hasara ya kukosea ni kubwa mara mbili na nusu kuliko faida ya kupatia.

MPAKA WA FAIDA NA HASARA

Kuna njia ya kujua mapema. Toa bei moja ya kawaida kutoka bei ya mchana. Kisha toa bei ya usiku kutoka bei ya mchana. Gawanya jibu la kwanza kwa la pili.

Kwa mfano wetu, 31 kutoa 25 ni 6, na 31 kutoa 16 ni 15. Sita gawanya kwa kumi na tano ni asilimia 40. Maana yake ni kwamba mpangaji asiyefikisha asilimia 40 ya uniti zake usiku anapata hasara, hata kama kila usiku anafurahia bei ya chini. Katika fleti yetu, mpaka huo ni uniti 6 kati ya 15. Mpangaji wa kwanza alitumia 8 usiku, wa pili alitumia 1.

Bei zikibadilika, mpaka nao husogea. Kwa hiyo hesabu hii hurudiwa kila msambazaji anapotangaza bei mpya.

GHALA LINALOVUJA

Tangi ni ghala la joto, na kila ghala lina upotevu. Maji yaliyopashwa alfajiri na kutumiwa jioni yamekaa zaidi ya saa 12 yakipoa. Kila uniti moja ya joto inayookolewa kwa siku, kwa bei ya usiku ya peni 16, ni paundi 58 kwa mwaka. Tangi la zamani lisilofunikwa vizuri hufungwa blanketi la kuzuia joto, na unene unaopendekezwa Uingereza ni milimita 80. Ni kifaa cha bei ndogo, na kwa tangi lililo wazi, hapa ndipo paundi ya kwanza ya kuwekeza inapofaa kwenda.

Njia ya pili ya kupunguza upotevu haigharimu kitu. Saa 7 za bei ya chini ni zaidi ya mahitaji ya tangi hili, hivyo hakuna haja ya kuwasha mapema. Katika maeneo mengi muda huo huanza karibu saa sita na nusu usiku na kuisha saa moja na nusu asubuhi. Mita nyingi za zamani hazifuati mabadiliko ya saa ya kiangazi, hivyo kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba muda huo husogea mbele kwa saa moja. Pale zilipo saa hizo, hita ikitegwa kuanzia saa kumi na nusu alfajiri hadi saa moja na nusu asubuhi, itakuwa ndani ya bei ya chini majira yote, na maji yatakuwa na joto kamili wakati wa kuoga asubuhi.

Tahadhari moja ni ya afya. Wapo wanaoshusha joto la tangi ili kubana matumizi. Maji ya kuhifadhiwa yanatakiwa kufikia nyuzi 60, kwa sababu chini ya hapo bakteria wa Legionella, wanaosababisha ugonjwa hatari wa mapafu, wanaweza kuishi na kuzaliana. Akiba isitafutwe huko.

TANGI LA MMOJA, BILI YA MWINGINE

Matangi mengi ya aina hii yana hita mbili. Ya chini hupasha tangi zima usiku. Ya juu hupasha sehemu ya juu tu, kwa dharura ya mchana. Hita ya chini ikiungua, mpangaji huenda asigundue. Ataona maji yamepoa, atabonyeza swichi ya dharura, maji yatapata moto, na maisha yataendelea. Lakini tangu siku hiyo ameanza kulipa bei ya yule mpangaji wa pili.

Hapa pana mgongano wa maslahi ambao kila mwekezaji anapaswa kuutambua. Tangi ni mali ya mwenye nyumba, bali bili ni ya mpangaji. Gharama ya kutengeneza humwangukia mmoja, gharama ya kutotengeneza humwangukia mwingine. Mwenye nyumba hana sababu ya kifedha ya kuharakisha.

Sheria imejaribu kuziba pengo hilo. Kwa England, sheria ya mwaka 1985 ya wenye nyumba na wapangaji, kifungu cha 11, inamtaka mwenye nyumba kutengeneza vifaa vya kupasha maji katika upangaji wa chini ya miaka 7. Haimlazimishi kufunga vilivyo bora zaidi. Aidha, mpangaji anayelipa bili moja kwa moja kwa msambazaji kwa kawaida ana haki ya kuchagua msambazaji na aina ya bei. Kugusa nyaya au tangi kunahitaji ridhaa ya mwenye nyumba.

HUKU KWETU

Kenya ilianzisha bei ya saa mwezi Desemba 2017 kwa wateja wa viwanda na biashara. Punguzo lilikuwa nusu ya bei ya uniti, kwa matumizi ya saa za mahitaji madogo yaliyovuka kiwango kilichowekwa. Mwenye kiwanda cha barafu au chumba cha baridi anaweza kutumia kanuni ya tangi, yaani kuzalisha baridi usiku na kuiuza mchana. Kwake, gharama mpya ni mshahara wa zamu ya usiku na ubora wa kuta za chumba.

KABLA YA KUSAINI

1. Soma hesabu zote mbili za mita usiku na asubuhi kwa wiki moja. Tafuta asilimia ya usiku.

2. Kokotoa mpaka kwa bei zilizo kwenye karatasi ya msambazaji, siyo za tangazo.

3. Usiku mmoja washa hita ya chini na uangalie ni hesabu ipi inayotembea. Isipotembea ile ya usiku, mwandikie mwenye nyumba siku hiyo hiyo na utunze nakala.

4. Asilimia ikiwa chini ya mpaka na hakuna njia ya kuipandisha, omba bei moja ya kawaida.