Taa za Njia Katika Bustani ya Wananchi: Tuzibadili Vipi kwa Pesa Kidogo?



Taa ya njia ikifa, hasara yake huwafikia wengi. Mama anayeuza karanga bustanini hufunga biashara yake mapema. Mgonjwa anayekatiza bustani kwenda zahanati hujikwaa kwenye ngazi. Binti anayetoka dukani huzunguka njia ndefu kwa sababu anaogopa ile ya mkato. Wazee nao huacha kukaa kwenye mabenchi kupunga upepo.

Huenda mtu akasema, "Aa, bustani ni mambo ya mjini. Sisi wa kijijini yatuhusu nini?" Yanatuhusu, ndugu. Vijiji vingi sasa vina umeme, na vingine vimekuwa miji midogo. Njia ya kwenda sokoni, stendi au kisimani ina shida ile ile ya njia ya bustani. Hesabu yake ni moja.

Katika somo hili tutajifunza jinsi kamati inavyoweza kubadili taa kuukuu bila kumaliza pesa za wananchi. Jambo kubwa tunalotaka mlishike ni hili: afadhali taa chache zinazowaka kila usiku kuliko taa nyingi zilizokufa.

Mji uliopunguza taa zake ukapata mwanga

Huko Marekani kuna mji mkubwa uitwao Detroit. Ni mji wa viwanda vya magari. Mwaka 2013 mji huo ulifilisika. Wakati huo ulikuwa na taa za barabarani zipatazo 88,000, lakini katika kila taa 100, kiasi cha taa 40 hazikuwaka. Wezi walikuwa wameiba nyaya za shaba. Watu walitembea gizani.

Basi wakafanya nini? Hawakurudisha taa zote 88,000. Walitazama kwanza watu wanaishi wapi na wanapita wapi. Kisha wakafunga taa mpya 65,000 za aina ya LED, wakamaliza mwishoni mwa mwaka 2016. Mahali pa waya wa shaba wakatumia waya wa alumini, maana wezi hawaupendi sana. Kazi yote iligharimu dola milioni 185 hivi.

Lakini habari haikuishia hapo. Mwaka 2019 ilionekana kwamba kiasi cha taa 20,000 kati ya hizo mpya zilikuwa zikififia na kuungua kabla ya wakati wake. Wasimamizi wa taa wakamshitaki mtengenezaji mahakamani.

Sisi si Detroit, na pesa zetu si dola milioni. Lakini mji ule unatufundisha mambo matatu. Kwanza, weka taa mahali watu wanapopita. Pili, fikiria wizi kabla haujatokea. Tatu, taa kuwa mpya si kusema ni nzuri. Kwa hiyo lazima uwe na karatasi ya dhamana mkononi.

Hatua ya kwanza: Hesabuni mlicho nacho

Kamati nyingi huanza na duka. Hapana jamani! Anzeni na daftari. Wahenga wa biashara walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Jioni moja, watu watatu au wanne watembee njia yote ya bustani. Wazipe nguzo namba: 1, 2, 3, hadi mwisho. Kwa kila nguzo waandike majibu ya maswali haya:

1. Je, taa inawaka?
2. Je, kifuniko chake ni kizima na safi?
3. Je, matawi ya mti yanaziba mwanga?
4. Je, nguzo imesimama imara?
5. Je, hapa pana hatari, kama ngazi, kona, mtaro au choo?

Kesho yake mchana rudini mkazitazame nguzo. Nguzo ya chuma huoza pale inapoingia ardhini. Ondoeni udongo kidogo muone kutu imefika wapi, lakini msichimbe kwenda chini, maana kebo ya umeme hupita hapo. Ikiwa nguzo nzima imara, msiinunue tena. Mara nyingi kinachohitaji kubadilishwa ni kichwa cha taa tu. Mkiitunza nguzo nzuri na waya mzuri, mmeokoa sehemu kubwa ya pesa.

Kazi ya kwanza haina gharama kubwa: mkiisha kuzima umeme, pogoeni matawi na mfute vumbi na wadudu kwenye vifuniko. Taa nyingine mtaona zimerudisha mwanga bila kununuliwa kitu.

Hatua ya pili: Ijueni taa ya zamani

Bustani nyingi za zamani zilifungwa taa za zebaki. Utazijua kwa mwanga wake mweupe wa kibuluu. Tena huchukua dakika kadhaa kuwaka vizuri. Taa hizi hula umeme mwingi. Balbu ya wati 125, pamoja na choki yake, hula kiasi cha wati 140.

Sababu ya pili ya kuziacha ni kwamba zebaki ni sumu. Huko Japani, katika mji wa Minamata, watu wengi waliugua na kufa kwa sababu kiwanda kilimwaga zebaki baharini, na wao wakala samaki. Mwaka 2013 mataifa yalifanya mkataba wenye jina la mji huo. Kwa mkataba huo, nchi zilizoukubali ziliacha kutengeneza na kuingiza balbu za zebaki za namna hii kuanzia mwaka 2020. Kwa hiyo balbu za kubadilishia zitazidi kuadimika.

Kumbukeni: balbu ya zebaki msiivunje, msiichome moto, wala msiitupe kwenye shimo la taka. Watoto wasiichezee. Iwekeni nzima katika boksi, kisha mumwulize afisa afya wa wilaya ipelekwe wapi.

Hatua ya tatu: Pigeni hesabu ya umeme

Bei ya taa si ile ya dukani tu. Umeme wa kila mwezi nao ni bei yake. Tuchukue mfano wa bustani yenye taa 12 za zebaki, na zote zinawaka toka saa 1 jioni hadi saa 12 asubuhi. Hayo ni masaa 11.

Taa za zamani: taa 12 mara wati 140 ni wati 1,680. Mara masaa 11 ni 18,480. Gawanya kwa 1,000 upate yuniti. Ni yuniti 18 na nusu kwa usiku mmoja.

Taa za LED za wati 30: taa 12 mara wati 30 ni wati 360. Mara masaa 11 ni 3,960. Hizo ni kama yuniti 4 kwa usiku mmoja.

Tofauti ni yuniti 14 na nusu kila usiku. Kwa siku 30 ni yuniti 435. Tuseme kwa mfano yuniti moja ni shilingi 300. Basi mmeokoa shilingi 130,500 kwa mwezi.

Tuseme tena kichwa kimoja cha taa ya LED ni shilingi 150,000. Taa 12 ni shilingi 1,800,000. Gawanyeni kwa 130,500. Mtapata karibu miezi 14. Baada ya miezi hiyo taa zimejilipia zenyewe.

Lakini angalieni hapa, maana wengi hudanganyika. Ikiwa taa zenu za zamani zilikwisha kufa, basi hazili umeme wowote sasa. Mkifunga mpya, bili itaongezeka, haitapungua. Kwa hiyo kabla ya kununua, ulizeni: bili italipwa na nani? Halmashauri, serikali ya kijiji, au wenye biashara wa bustanini? Jibu liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Hatua ya nne: Someni boksi kabla ya kutoa pesa

Hapa ndipo kisomo kinapomlinda mtu mfukoni. Kwenye boksi la taa tafuteni alama hizi:

W ni wati. Ni umeme unaoliwa.
lm ni kipimo cha mwanga unaotoka. Taa mbili zikiwa na W sawa, yenye lm nyingi ndiyo bora.
K ni rangi ya mwanga. Taa ya 3000 K ina mwanga wa manjano kidogo, hauumizi macho, wala hauvuti wadudu wengi kama ule wa 6500 K, ambao ni mweupe wa kibuluu.
IP65 maana yake vumbi haliingii na maji ya mvua hayaingii. Taa ya nje isiwe chini ya hapo.
Mwisho, dhamana: muuzaji anaahidi miaka mingapi? Mwambieni aandike kwenye risiti na agonge mhuri.

Msinunue taa kali kupita kiasi. Njia ya miguu haihitaji mwanga wa barabara ya malori. Taa moja kali hufanya kando yake paonekane peusi zaidi, na mwovu hujificha hapo hapo. Taa za kiasi, zilizopangwa sawasawa na kutazama chini, humwonyesha mtu njia na pia uso wa anayekuja mbele yake.

Je, tutumie sola?

Sola inafaa pale ambapo waya wa ardhini umekufa kabisa, maana kuchimba mtaro mpya na kununua kebo kwaweza kuzidi bei ya taa yenyewe. Lakini bustani ina miti. Taa ya sola iliyo chini ya mwembe haipati jua mchana, basi usiku itazimika mapema. Ifungeni mahali peupe. Tena betri huchakaa na lazima ibadilishwe baada ya miaka kadhaa. Anzeni kuweka akiba ya betri tangu siku ya kwanza.

Hatua ya tano: Gawanyeni pesa

Tuseme kamati ina shilingi 1,200,000. Mtu mmoja atasema, "Tununue taa 8, pesa iishe." Je, fundi atalipwa nini? Waya ukikatika je? Sisi tunashauri hivi:

Taa 6: shilingi 900,000
Fundi na vifaa vidogo: shilingi 200,000
Akiba ya matengenezo: shilingi 100,000
Jumla: shilingi 1,200,000

Taa hizo 6 zianze penye hatari: lango, ngazi, kona, bomba la maji na choo. Nyingine zifuate pesa zikipatikana. Nunueni za aina moja, ili kipuri cha moja kifae nyingine. Taa za bei ya kutupa, zisizo na jina wala dhamana, ziacheni dukani. Rahisi ghali.

Wakati fulani inawezekana kutumia kichwa cha zamani kwa kufunga balbu ya LED ndani yake. Hii hupunguza gharama zaidi. Lakini fundi asome maelezo ya balbu, kwa sababu balbu nyingi za namna hii hutaka choki iondolewe kwanza.

Kazi ya umeme ifanywe na fundi mwenye leseni. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu, na mtu asimame hapo ili asije mwingine akawasha. Kila nguzo ya chuma iwe na waya wa ardhi. Bila waya huo, mtoto anaweza kuegemea nguzo akapigwa na umeme.

Taa zikishawaka

Wekeni daftari la taa. Mtu mmoja apite kila wiki na kuandika namba ya nguzo iliyozimika, tarehe ya kuzimika na tarehe ya kutengenezwa. Hesabu ya pesa ibandikwe mahali pa wazi, wananchi waisome. Wananchi waliochanga wakiona taa zimekufa baada ya mwaka mmoja, na hakuna maelezo, hawatachanga tena, hata kwa kisima au zahanati. Wakiona taa zinawaka na hesabu iko wazi, wataleta za taa zilizobaki.

Maneno ya kukumbuka

Choki: kifaa kinachotuliza umeme katika taa za zamani.
Dhamana: ahadi ya muuzaji kubadili kitu kikiharibika kabla ya muda.
Yuniti: umeme wa wati 1,000 uliotumika kwa saa moja.
Zebaki: madini ya majimaji yenye sumu.

Maswali

1. Kwa nini Detroit haikurudisha taa zote 88,000?
2. Taa za LED 12 za wati 30 zikiwaka toka saa 1 jioni hadi saa 5 usiku tu, zitakula yuniti ngapi kwa usiku mmoja?
3. Kwa nini taa ya sola haifai chini ya mti?
4. Kamati yenu ina shilingi 700,000. Taa moja ni shilingi 150,000. Mtanunua taa ngapi, na zinazobaki mtazifanyia nini?
5. Tembeeni njia moja ya kijiji chenu usiku. Andikeni mahali patatu panapohitaji taa kwanza, na sababu zake. Jadilianeni katika kikundi chenu.

Jibu la swali la 2: Karibu yuniti moja na nusu.