Mzozo Kazini: Tupatanishwe au Tuamuliwe?

Tuchukue mfano. Dada mmoja mchuma chai anaambiwa na msimamizi, kwa mdomo tu, "Wewe kesho usije." Afanye nini? Wengi wetu hurudi nyumbani tukangoja huruma. Miezi inapita, na haki nayo inapita.

Kwanza tutofautishe njia mbili. Katika upatanishi, mtu wa tatu hukaa katikati, husikiliza pande zote na kuwasaidia kuelewana. Yeye hahukumu, mapatano ni yenu. Katika usuluhishi, mtu wa tatu husikiliza ushahidi kisha anaamua mwenyewe, na uamuzi wake unawafunga. Ni kama kumpa mwingine kisu awagawie nyama: kipande utakachopewa, ndicho hicho.

Mambo haya si mageni kwetu. Mwaka 1962, Tom Mboya akiwa Waziri wa Kazi, serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia sahihi mkataba wa kumaliza mizozo kwa mazungumzo kwanza. Leo tunaongozwa na sheria za kazi za mwaka 2007. Hatua ni hizi:

1. Kabla ya kukufuta kwa sababu ya makosa au utendaji mbaya, mwajiri lazima akueleze sababu kwa lugha unayoelewa na akusikilize. Una haki ya kuja na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama.

2. Ukiona umeonewa, peleka malalamiko kwa Afisa wa Kazi kabla ya miezi 3 kwisha tangu ulipofutwa.

3. Kama uko katika chama, chama kinaweza kupeleka mzozo kwa Waziri wa Kazi. Mzozo wa kufutwa kazi upelekwe katika siku 90. Waziri ana siku 21 za kuteua mpatanishi, na mpatanishi ana siku 30 za kazi yake, isipokuwa pande zote zikubali kumwongezea. Mkielewana, mapatano yaandikwe na kutiwa sahihi.

4. Mkishindwa, mnaweza kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, au kwa msuluhishi ikiwa mkataba wa chama na mwajiri unasema hivyo.

Na mgomo je? Huo huja baada ya upatanishi kushindwa, tena kwa notisi ya maandishi ya siku 7.

Basi tusiende mikono mitupu. Tubebe barua ya kazi, karatasi za mshahara, tarehe na majina ya mashahidi. Na ukiletewa karatasi usiyoielewa, usitie sahihi. Omba usomewe kwanza. Hasira hazihesabu siku, lakini sheria inahesabu.

Maswali ya kikundi:
- Ofisi ya Afisa wa Kazi iliyo karibu nasi iko wapi?
- Nani kati yetu ana barua yake ya kazi nyumbani?
- Ni mizozo gani tungependa kuamua sisi wenyewe?