Chumba cha Mlola Kipambwe Kimlola

Mdogo wangu mwalimu, uliyepangiwa kituo Mlola ukapata chumba na sebule kwa kodi ya kuridhisha, barua yako nimeisoma hadi mwisho. Unataka nyumba ipendeze kwa vitu vya mtumba na kazi ya mikono yako, kwa sababu mshahara wa kwanza umeliwa na nauli, godoro na mtungi wa gesi. Umeniambia pia simu yako imejaa picha za vyumba vya Dar: mapazia ya neti nyeupe, zulia jeupe lenye manyoya marefu, maua ya plastiki yaliyozungushiwa kioo. Nianze na hizo picha, kushona kutafuata.

Zifute.

Hao wenzako wa Dar wanapamba wakipigana na joto. Wewe uko Usambara Magharibi. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu unaingia mlangoni kama mpangaji mwenzako, nguo zinakaa kwenye kamba siku nzima na jioni bado zina unyevu, na masika yakishika kila mgeni anakuja na udongo mwekundu wa shamba lake chini ya viatu. Neti nyeupe hapo utaifua hadi uichukie. Lile zulia la manyoya, wiki ya kwanza tu ya mvua, litageuka rangi ya barabara.

Kwa hiyo dada yako anakupa sharti moja kabla hujafungua pochi: kila kinachoingia humo ndani kizuie baridi, au kilete mwanga, au kimeze tope. Kisichoweza hata kimoja kati ya hivyo kitaota kuvu nyuma yake huku wewe unakifuta vumbi.

Sasa twende gulioni. Wenzetu wa pwani wana mikeka ya ukili na kanga za kila rangi, nasi mlimani tuna bahati yetu: masweta. Wauza mtumba wanaopanda kutoka Mombo wanajua kinachonunuliwa huku juu, hivyo wanaleta masweta, makoti na mablanketi kwa wingi. Usikimbilie yaliyotundikwa kwenye henga, hayo ni ya kuvaa na bei yake inajua hivyo. Subiri jua liegemee, wakati muuzaji anawaza namna ya kufunga mzigo, uende kwenye lundo la chini: sweta lililotoboka kiwiko, fulana yenye doa la mafuta, shuka lililofifia katikati. Kwake hayo ni mabaki. Wewe unahitaji kitambaa tu, na kiwiko kilichotoboka hakikuhusu.

Ukishafika nyumbani, hakuna kitu kugusa godoro kabla ya kufuliwa. Loweka kwenye maji ya moto na sabuni, suuza, anika. Jua likigoma, na Mlola litagoma, piga pasi pande zote mbili hadi unyevu uishe. Huwezi kujua nguo imelala wapi na nani, na upele hauna adabu.

Kabla ya maji ya moto, lakini, chagua masweta yako. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo, uchome kwa kiberiti juu ya sahani. Ukinuka nywele zilizoungua na kubaki jivu linalovurugika kwa kidole, hiyo ni sufu ya kondoo. Ukiyeyuka na kuacha tone gumu jeusi, hiyo ni nailoni au akriliki. Zote zina kazi, lakini kazi tofauti. Sufu halisi ukiifua kwa maji ya moto sana, ukaisugua kwa sabuni bila huruma kisha ukaitumbukiza kwenye maji baridi, inasinyaa na kushikana hadi inakuwa kitambaa kizito. Kitu ambacho mama yako angekuchapa kwa kukifanyia sweta lake la kanisani, hapa ndicho tunachokitafuta. Kitambaa hicho unakikata kwa mkasi na hakifumuki, hakihitaji hata pindo. Foronya za mito ya sebuleni zinatoka hapo: mbele na nyuma ya sweta tayari ni vipande viwili, unashona pande tatu, unajaza mabaki ya nguo zilizokatwakatwa, unafunga upande wa nne. Lenye vifungo mbele ni zuri zaidi, kwa sababu vifungo vinakuwa mlango wa kutolea mto siku ya kufua. Mikono usiitupe. Mmoja ujaze mchanga mkavu na vitambaa, ushone ncha zote, uulaze chini ya mlango usiku. Upepo unaopita hapo ndio unaokuamsha saa kumi alfajiri, wala si jogoo wa jirani.

Akriliki na fulana za pamba ziende kwenye zulia, na hapa nataka tukae kidogo, maana zulia ndilo litakalobadilisha chumba chako kuliko kitu kingine chochote. Sakafu ya saruji mlimani ni barafu.

Chukua fulana, ikate kwa mstari mmoja chini ya makwapa, utabaki na kitu kama gunia lisilo na chini wala juu. Anza kukata ukanda wa upana wa vidole viwili kutoka kwenye ukingo wa chini, na usikate hadi ukamaliza mzunguko, bali panda taratibu ukizunguka, kama unavyomenya chungwa bila kukata ganda. Utatoka na utepe mmoja mrefu. Uvute kwa nguvu: kitambaa cha fulana kinajikunja chenyewe na kuficha kingo zake, ndiyo maana fulana ni bora kuliko shati. Kuunganisha utepe na utepe hakuhitaji fundo. Toboa tundu dogo kwenye ncha ya kila mmoja, weka ncha ya utepe mpya juu ya ncha ya ule wa kwanza matundu yakutane, kisha chukua mkia wa utepe mpya uupitishe kwenye matundu yote mawili kutoka chini, uvute hadi ukaze. Ukielewa mara ya kwanza wewe ni mwerevu kuliko mimi. Wengi inabidi wajaribu na kamba za viatu kwanza.

Suka nyuzi tatu. Hili sikufundishi, umesukwa tangu chekechea. Ila usikaze sana. Ukiwa na msuko mrefu wa kutosha, weka mwanzo wake mezani, uukunje urudi pembeni mwake, uzungushe, na ushone kila mzunguko kwa ule uliotangulia kwa shazia, ile sindano ya magunia, na uzi imara. Nimesema mezani kwa makusudi. Ukishona zulia likiwa mapajani litajikunja kingo kwenda juu na utapata bakuli. Likianza kuinuka, unavuta uzi mno kwenye mizunguko ya nje. Fumua mizunguko miwili, legeza, endelea. Kwa zulia dogo la kando ya kitanda tenga fulana nane hadi kumi za watu wazima, na usishangae ukaongeza.

Rangi? Kahawia, kijani kibichi, bluu ya sare, na nyekundu iliyofifia ya udongo wenyewe. Tope la Mlola lina rangi yake, ukiikubali mapema utafua mara chache. Nyeupe weka uzi mmoja tu kwenye msuko, ing'arishe. Na kwa sababu sakafu iliyopigwa rangi inateleza, pita kwa fundi wa bodaboda umwombe tyubu iliyokufa. Ikate vipande, ushone chini ya zulia kwenye kingo. Hatakutoza, atakuuliza tu unakwenda kuifanyia nini.

Pazia halihitaji maneno mengi. Shuka la mtumba la kitanda kikubwa linatosha dirisha la kawaida likikunjwa mara mbili, na katikati ya mikunjo hiyo unaweka blanketi jembamba lililochakaa. Juu yake ongeza mkanda wa kanga, upande mmoja wa doti, ukikata pindo na mji lakini ukiliacha jina zima ukalisome mwenyewe. Ila lisome kabla hujatundika. Kuna kanga zilizonunuliwa kwa ajili ya ugomvi wa watu wengine, na mama mwenye nyumba anapita dirishani kwako kila asubuhi akienda kukamua. Fimbo ya pazia iwe mwanzi uliokomaa na kukauka. Mbichi bungua wataula, utaanza kufagia ungaunga chini ya dirisha usijue unatoka wapi. Na pazia likae mbali kidogo na ukuta, kiasi cha upana wa kiganja, hewa ipite nyuma. Lifungue kila asubuhi hata kama nje hakuna cha kuona ila ukungu.

Kuhusu giza. Madirisha ya nyumba nyingi huko ni madogo kwa sababu ya baridi, na taa ya mchana ni bili. Tafuta ungo mkuukuu, ule uliolegea usiofaa tena kupepetea, upake vanishi, na katikati ubandike kioo cha duara cha bei ndogo kwa gundi imara. Uutundike ukuta unaotazamana na dirisha. Mwanga wa dirisha utaupata mara mbili, na wageni watafikiri umetoa kwenye duka la kitalii la Lushoto mjini. Gundi ya uji wa unga, niliyoona umeitaja, haifai huko juu. Unyevu unaiotesha kuvu ndani ya wiki chache, na panya wanaipenda.

Kamba ya katani uitumie bila woga, kwa kuwa ni mali ya mkoa wako. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, ikasafirishwa kupitia Hamburg, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Mashamba unayoyaona ukishuka kwenda Korogwe yalianzia hapo. Zungushia kamba hiyo kopo la maziwa ya unga au la rangi, mstari juu ya mstari, gundi chini yake, na una chombo cha kalamu, vijiko au maua. Kisiwekwe karibu na beseni la maji tu, katani inanyonya unyevu.

Hapa sasa naacha utani. Wewe unaishi kwenye wilaya ya wakulima wa mboga, na kila njia ya shambani ina chupa nzuri za plastiki na mikebe yenye rangi za kuvutia. Ni za viuatilifu. Usizichukue kwa pambo lolote, hata ukiziosha mara kumi, hata kama mtu amekuambia zimekaa mvuani mwaka mzima. Dawa inaingia kwenye plastiki yenyewe, na mtoto wa jirani hajui kwamba kwako chupa ni chombo cha maua. Mifuko ya mbolea nayo haijazwi mito wala haitandikwi chini ya godoro. Kreti ya soda ambayo kila mtu anaigeuza rafu, kumbuka ina mwenyewe na dukani ulilipia amana, wakija kuidai vitabu vyako vitalala chini. Ukitaka rafu, omba sanduku la mbao la kusafirishia nyanya lililovunjika ubavu, ligongelee, pitisha msasa, paka vanishi.

Maua ya plastiki umeniuliza mara mbili, nadhani unayapenda, nami sitaki kukunyang'anya. Lakini jua kwamba madirishani mwa Ulaya na Marekani kuna ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya ambalo watu wanalitunza kama mtoto, na kwao ni Usambara. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani huku Tanga, alilipeleka kwao mwaka 1892, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la Baron huyo, Saintpaulia. Wao wanalikuza ua letu kwenye vyungu, sisi tunanunua la plastiki kutoka China!

Usiende kuling'oa msituni, yaliyobaki porini ni machache na yanakaa kwenye miamba yenye kivuli, na yakitoka hayarudi. Tafuta mtu mwenye chungu chake, au bustani ya miche, uombe jani moja tu lenye kikonyo chake. Chomeka kikonyo kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya kigae cha chungu kilichovunjika, funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, weka dirishani pasipo na jua la moja kwa moja. Baada ya wiki kadhaa vijani vidogo vitachungulia chini ya jani mama. Mwagilia kwenye udongo, majani yasiloweshwe na maji baridi, yanapata mabaka.

Bado mambo ya ukuta, na hili ulikuwa umelificha mwisho wa barua. Mwenye nyumba amekataza misumari. Ana haki yake, hasa kama ni matofali ya udongo, kila msumari unaondoka na kipande cha plasta. Mwombe misumari miwili tu, juu kabisa, kwenye boriti na si ukutani, mmoja kila kona. Funga kamba ya katani kutoka msumari hadi msumari, ungo wenye kioo uufunge hapo kwa kamba, na picha zako za mahafali na hata kanga ya mama yako vining'inie kwa vibanio vya nguo. Siku ukihamishwa unakunja kamba unaondoka nayo. Akikataa hata hiyo miwili, mpelekee kwanza foronya moja ya sweta, halafu uombe tena kesho yake.