Deni la Michael Scofield

Kila mwaka wa masomo hosteli yetu haikosi mtu anayeanza Prison Break upya. Safari hii ni rumeti wangu, na ubishi ulizuka kipindi cha tatu tu. Nilimuuliza: mhusika mkuu wa sizoni ya kwanza ni nani? Akanicheka. "Michael Scofield, bana, hata mtoto anajua." Mimi nasoma Fasihi, na miaka miwili ya kufundishwa wahusika imenifanya niwe mbishi. Basi ndugu msomaji, tukae kidogo na hawa watu.

Kwa wachache ambao hamjaitazama: tamthilia hii ilianza kuonyeshwa Marekani Agosti 2005, na sizoni ya kwanza ina vipindi 22. Lincoln Burrows amehukumiwa kiti cha umeme kwa kumuua ndugu wa makamu wa rais, kosa ambalo hakulitenda. Mdogo wake, Michael, ni mhandisi wa majengo, na kampuni aliyofanyia kazi iliwahi kushughulikia ukarabati wa gereza la Fox River. Anaficha ramani ya gereza ndani ya tatuu, anaingia benki na bastola ili afungwe humo humo, na kazi inaanza.

Sasa, Michael akili anazo, hilo halina ubishi. Anajua bomba linapita wapi, anajua skrubu ipi ilegezwe. Asichokuwa nacho kwenye ramani ni watu. Mpango ulikuwa wa ndugu wawili. Mwishoni waliovuka ukuta ni wanane, na karibu kila aliyeongezeka aliingia kwa kudai au kudaiwa. John Abruzzi, bosi wa mafia, ana ndege ya kuwatorosha, na Michael ana habari za shahidi ambaye Abruzzi anamtafuta kwa udi na uvumba. C-Note anagundua siri na kusema mnichukue au niseme. Huyu alifukuzwa jeshini baada ya kuripoti mateso ya wafungwa, na mkewe anaamini bado yuko vitani Iraq. Fernando Sucre yeye ni rafiki kweli, lakini naye hakukubali hadi alipoona mchumba wake Maricruz anachukuliwa na binamu yake.

Halafu T-Bag. Jamaa wengi hapa chuoni wanamuiga anavyoongea, na nakiri Robert Knepper alimwigiza vizuri mno. Ila tusisahau: T-Bag ni mbakaji na muuaji wa watoto. Waandishi walimpa mwanamke aliyempenda kwa dhati na akamsaliti alipoigundua sura yake kwenye televisheni, ukajikuta unamhurumia kwa dakika kumi. Hapo ndipo unapoona tofauti ya mhusika bapa na mhusika duara bila hata kufungua kitabu. Kumhurumia si kumsamehe. Abruzzi alipomkata mkono kwa shoka chumba kizima kilishangilia, mimi nikiwemo.

Daktari Sara Tancredi ndiye ninayemwona amedhulumiwa na mashabiki. Wengi wanamwita mpenzi wa Michael, basi. Sara ni binti wa gavana, aliwahi kuwa mtumwa wa mofini, akaacha, akaja kutibu wafungwa. Katika wote wanaomsaidia Michael, ni yeye pekee ambaye hakuwa na chochote cha kupata. Anaacha mlango wa zahanati bila kufungwa, kisha anakwenda nyumbani, na polisi wanapofika wanamkuta amezidisha dawa. Wanaume wanane wanakimbia msituni, na bili imebaki kwake.

Lakini nilikuwa nazungumzia mhusika mkuu. Kipindi cha 16 kinarudi nyuma, kabla ya gereza. Michael, msomi mwenye kazi nzuri, amechoka na kaka yake mhuni, hata simu zake hapokei. Ndipo Veronica anamwambia ukweli: ile dola 90,000 aliyopewa aanzie maisha, akidhani ni bima ya maisha ya mama yao, Lincoln aliikopa. Alikopa, akadanganya kuhusu ilikotoka, na deni hilo ndilo lililomvuta hadi kwenye mtego uliompeleka kwenye kiti cha umeme. Lincoln huyu huyu tunayemwona mzito, anayekaa tu akisubiri kuokolewa! Kumbe elimu ya Michael, tatuu, akili, vyote vimesimama juu ya kitu alichofanya Lincoln akanyamaza.

Rumeti alinyamaza pia. Mimi nilitoka nje koridoni.

Mwaka wa kwanza nilikosa mkopo. Kaka yangu anaendesha bodaboda, na siku chache kabla usajili haujafungwa alinitumia ada yote. Akasema wamevunja kikoba. Nilipoenda likizo pikipiki haikuwepo, akaniambia iko gereji, spea hazijafika. Likizo iliyofuata bado ilikuwa gereji, na yeye alikuwa anabeba mizigo sokoni. Mimi nikamlaumu kwa kutokuwa mtu wa mipango.

Nilimpigia usiku ule ule, nikamuuliza pikipiki aliiuza shilingi ngapi. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza kama nimekula.