Matumbawe ya Vilindini Huishije Gizani?

Swali: Matumbawe ya pwani hutegemea jua. Yale ya vilindini hula nini?

Jibu: Matumbawe ya maji ya kina kifupi hulishwa zaidi na mwani mdogo sana unaoishi mwilini mwake, nao huhitaji mwanga. Yale ya vilindini hayana mwani huo. Kila kinyama kinachounda tumbawe hunyoosha minyiri yenye seli za sumu na kunasa planktoni na mabaki ya viumbe yanayoletwa na mikondo. Ndiyo maana hustawi kwenye miamba inayopitiwa na maji yaendayo kasi. Kwa kuwa chakula ni haba na maji ni baridi, hukua polepole: baadhi ya matumbawe meusi ya Hawaii yana umri wa zaidi ya miaka 4,000. Nyavu za kukokota zikiyavunja, huchukua muda mrefu mno kurudi.